Mwalimu wa kuazima: Televisheni iliyosomesha vijiji 2,400 vya Bara Hindi

Wazee wetu husema nguo ya kuazima haisitiri. Methali hii hunijia kila nikumbukapo habari ya chombo kimoja kilichokaa juu ya vichwa vyetu sisi watu wa Kenya kwa muda wa mwaka mzima, kikisomesha watoto na wakulima wa ng'ambo ya bahari, na sisi tuliokuwa chini yake tusiwe na habari.

Chombo chenyewe kilikuwa setilaiti ya Marekani iliyoitwa ATS-6. Tangu Agosti 1, 1975, mpaka Julai 31, 1976, setilaiti hiyo ilikuwa juu ya ikweta, kimo cha kilomita 36,000 hivi, kwenye longitudo ya digrii 35 mashariki. Msomaji akiichukua ramani ya Kenya na kuufuata mstari huo kwa kidole, ataona unapita mashariki kidogo ya mji wa Kisumu. Hapo ndipo ilipotundikwa taa, na mwanga wake ukaenda kuangukia vijiji vya Bihar, Orissa na Rajasthan.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, na habari hizi sikuzipata kwanza kitabuni. Nilizipata kwa jirani yangu, mzee mmoja wa ukoo wa Patel aliyekuwa akiuza vitambaa mjini. Wasomaji wengi wa pwani wanajua kwamba Wapatel wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni sehemu iitwayo Charotar, iliyokuwa wakati huo katika wilaya ya Kheda, jimbo la Gujarat. Mzee wangu huyu alikwenda kwao kuoza mtoto wa ndugu yake, na aliporudi nikapita dukani kwake jioni moja kumpa mkono wa karibu.

"Mwalimu," akaniambia, "huko kwetu siku hizi ng'ombe ndio wanaowapeleka watu shule."

"Vipi hayo tena, mzee wangu?" nikamwuliza.

Akanieleza. Wakulima wa Kheda hupeleka maziwa kwenye chama chao cha ushirika mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Sasa pale pale penye kupimiwa maziwa pamewekwa televisheni. Mtu akishapima maziwa yake jioni huweka ndoo chini, akakaa, akatazama. "Na wanaosema mle ndani ni watu wetu wenyewe," akasema, "tena kwa Kigujarati chetu cha Charotar, si kile cha vitabuni. Mke wa ndugu yangu hakupata kusoma hata siku moja, lakini sasa ananikosoa mimi juu ya maji ya kunywa!"

Tulicheka sana. Lakini neno lile la lugha lilinikaa rohoni, na tangu siku ile nimekuwa nikiifuatia habari ya televisheni ile kila nilipopata cha kusoma.

FIKRA YA DAKTARI SARABHAI

Televisheni ya India ilianza mjini Delhi mwaka wa 1959, na tangu mwanzo ilitiwa kazi ya kufundisha. Mwaka wa 1961 yalianza masomo ya televisheni kwa shule za Delhi. Kisha mwaka wa 1967 kikaanza kipindi cha wakulima kilichoitwa Krishi Darshan, kikitazamwa katika vijiji 80 karibu na mji huo. Lakini India ina vijiji zaidi ya laki tano. Kama nchi ingengoja minara ijengwe mji baada ya mji, basi mjukuu wa mkulima wa Orissa angezeeka bado hajaiona hiyo televisheni.

Mtu aliyelitafakari jambo hili kuliko wenzake ni Daktari Vikram Sarabhai. Alizaliwa Ahmedabad mwaka wa 1919 katika jamaa ya matajiri wenye viwanda vya nguo, akasoma mpaka Cambridge, na ndiye anayeitwa baba wa mambo ya anga nchini India. Watu walimwuliza, nchi yenye maskini wengi namna ile ina haja gani na mambo ya angani? Jibu lake lilikuwa kwamba nchi maskini ndiyo yenye haja zaidi, kwani haina barabara, haina walimu wa kutosha, wala haina muda wa kungoja. Mnara wa kawaida hufikisha picha mwendo wa kilomita makumi tu. Setilaiti moja inaweza kuiona India nzima kwa mara moja, kama vile mtu aliye juu ya mnazi aonavyo shamba zima.

Mwaka wa 1969 India ilitia sahihi mapatano na Marekani. Wamarekani wangetoa setilaiti kwa mwaka mmoja bila ya malipo. Wahindi wangetengeneza kila kitu cha ardhini: vituo vya kurushia, seti za kutazamia, na vipindi vyenyewe. Kazi ile iliitwa kwa ufupi SITE. Bahati mbaya Daktari Sarabhai hakuiona. Alifariki ghafla Desemba 30, 1971, wala hajatimiza miaka 53. Waliobaki waliichukua kazi wakaitimiza, na aliyekiongoza kituo cha Ahmedabad wakati huo alikuwa Profesa Yash Pal, bingwa wa elimu ya fizikia.

SAHANI YA WAVU WA KUKU

Wakati ule setilaiti zilikuwa dhaifu wa sauti, na ili kuzisikia ilihitajika eriali kubwa mno na kituo cha gharama, mfano wa kile tulichofunguliwa sisi Wakenya kule Longonot mwaka wa 1970. Kijiji gani kingeweza kununua kitu kama hicho?

ATS-6 iliyageuza mambo. Marekani iliirusha angani Mei 30, 1974, ikiwa na eriali iliyokunjwa. Ilipofika juu eriali ile ilifunguka kama mwavuli, upana wake zaidi ya mita tisa. Kwa kuwa mwavuli wa juu ulikuwa mkubwa, sahani ya chini iliweza kuwa ndogo na rahisi. Wahindi waliunda sahani za mita tatu kwa wavu wa waya, ule ule wanaojengea watu mabanda ya kuku. Sahani moja ya aina hiyo walimtilia nyumbani kwake Colombo mwandishi Arthur C. Clarke, yule aliyeeleza katika mwaka wa 1945 jinsi setilaiti zitakavyoweza kutumika kupeleka habari duniani kote.

Vijiji 2,400 vilichaguliwa katika wilaya 20 za majimbo sita: Andhra Pradesh, Bihar, Karnataka, Madhya Pradesh, Orissa na Rajasthan. Havikuchaguliwa vijiji vyenye neema. Vilitafutwa vile vilivyokuwa nyuma. Penye umeme seti iliunganishwa na umeme, na pengine pasipo umeme zilitumika betri. Mafundi walizunguka kwa magari katika vumbi na katika masika kurekebisha zilizoharibika. Kila kijiji kilipata seti moja, na seti hiyo ilikuwa ya watu wote.

Matangazo yalikuwa ya saa nne kwa siku. Asubuhi ilikuwa zamu ya watoto wa shule, wenye umri wa miaka mitano mpaka kumi na miwili. Jioni ilikuwa zamu ya watu wazima: ukulima, mifugo, afya, uzazi wa mpango, habari za nchi, na ngoma na nyimbo kidogo. Lugha zilikuwa nne, yaani Kihindi, Kioriya, Kitelugu na Kikannada. Kwa kuwa picha ilikuwa moja, setilaiti ilipewa njia mbili za sauti, hata watu wa sehemu mbili wakaweza kutazama picha ile ile, kila mmoja akaisikia kwa lugha yake.

MAMBO WALIYOYAONA WATAFITI

Serikali ya India haikutaka kujisifu bila ushahidi. Watafiti walitumwa wakae vijijini pamoja na watu, wengine kwa miezi mingi, wakiandika waliyoyaona kabla ya televisheni, wakati wake, na baada yake.

Waliona kwamba siku za mwanzo watu walimiminika kama wendao harusini. Baadaye ajabu ikapungua, wakabaki wale waliokuwa na haja hasa, mara nyingi wapata mia moja hivi mbele ya seti moja, na wengi wao maskini na wasiojua kusoma. Watoto na wanawake walikaa mbele. Katika mambo ya afya, wanawake ndio waliofaidi zaidi, na asiyejua kusoma alipata zaidi kuliko msomi. Hili si jambo dogo. Kitabu humpa zaidi aliyekwisha kupewa, lakini hapa aliyenyimwa ndiye aliyepata.

Shuleni matokeo yalikuwa ya mchanganyiko. Watoto waliongeza maneno na uhodari wa kusema, na wakawa na hamu ya kuuliza. Lakini waliokuwa wakiacha shule kwenda kuchunga mbuzi waliendelea kuiacha, kwani picha haiwezi kumlipa mzazi mshahara wa mchungaji. Nyakati za likizo, televisheni hiyo hiyo ilitumiwa kuwafundisha makumi ya maelfu ya walimu namna ya kusomesha sayansi.

Kasoro nazo zilionekana. Vipindi vingi vilitengenezwa mijini, katika studio za Delhi, Cuttack na Hyderabad, na watu ambao hawakupata kulala kijijini. Mkulima aliweza kuonyeshwa mbolea ambayo haikufika katika maduka ya kwao. Kihindi kilichotumika kilikuwa cha wasomi, na huko Bihar watu wengi majumbani mwao husema Kimaithili au Kibhojpuri.

Tena tusisahau majira yenyewe. Kazi ile ilizinduliwa na Waziri Mkuu, Bi Indira Gandhi, wiki chache tu baada ya kutangaza hali ya hatari nchini mwezi wa Juni 1975. Wapinzani walikuwa gerezani na magazeti yamefungwa midomo. Basi seti ile iliyomfundisha mama kuchemsha maji ndiyo hiyo hiyo iliyomweleza kwamba serikali haikosei. Chombo kilikuwa kimoja, na aliyekishika kipaza sauti alikuwa mmoja. Wa kijijini aliweza kusikia, lakini hakuweza kujibu.

MWENYEWE ALIPOKUJA KUCHUKUA CHAKE

Mwaka haukukawia. Julai 31, 1976, matangazo yakakatika. Wamarekani waliianza safari ya kuirudisha setilaiti yao upande wa kwao, na njiani wakazionyesha nchi nyingine zaidi ya 20 jinsi inavyofanya kazi. Mwaka wa 1979 ikazimwa kabisa.

Huko India vijiji vilivyokuwa karibu na minara mipya ya ardhini viliendelea kupata picha. Viko vingine vingi vilivyobaki na seti tupu, na wavu wa waya unaokamata hewa. Hebu fikiri, ndugu msomaji, mtoto aliyezoea mwaka mzima kuoneshwa nyota na wanyama, asubuhi moja akaambiwa basi. Nguo imerudi kwa mwenyewe.

Lakini kazi haikuwa ya bure. Mafundi wa Kihindi walikuwa wamejifunza, na mwaka wa 1983 setilaiti ya nchi yao, INSAT-1B, ikaanza kupeleka televisheni kila pembe. Mwaka wa 2004 India ikarusha kwa roketi yake yenyewe setilaiti ya masomo tu, ikaitwa EDUSAT.

WATU WA KHEDA

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa vitambaa. Wilaya yao ya Kheda haikuwamo katika vijiji vile 2,400. Wao walipewa kitu kingine, kidogo zaidi. Katika mwaka huo huo wa 1975, kituo cha anga cha Ahmedabad kilisimamisha mtambo mdogo wa ardhini katika kijiji cha Pij, na seti mia kadhaa zikawekwa katika vijiji vya karibu, nyingi zikiwa katika vyama vya ushirika vya maziwa. Kheda, lazima tukumbuke, ndiyo iliyokuwa nyumbani kwa ushirika wa Amul, ulioanzishwa mwaka wa 1946 na wafugaji waliochoka kupunjwa na wachuuzi.

Tofauti ya Pij ilikuwa hii: waliotengeneza vipindi walitoka studio wakaenda vijijini kuuliza kwanza. Kibarua wa shamba alipewa kipaza sauti aseme analipwa kiasi gani, na wakubwa wakatakiwa wajibu kwa nini ni chini ya kima kilichowekwa na sheria. Michezo ya kuigiza ilisema waziwazi juu ya watu wa tabaka la chini wanaokatazwa kuchota maji kisima kimoja na wenzao, juu ya ulevi, na juu ya mahari yanayofilisi nyumba. Wanavijiji wenyewe waliigiza. Na lugha, kama alivyoniambia yule mzee, ilikuwa yao.

Hapana shaka wako waliokasirika. Mwenye shamba hapendi kibarua wake ajue sheria. Lakini shirika la UNESCO liliipa kazi ile tuzo katika miaka ya 1980, na seti zilikaa barazani pa maziwa muda mrefu baada ya setilaiti ya Wamarekani kuondoka.

Mwisho wake nao ulikuwa wa kusikitisha. Katikati ya miaka ya 1980 mtambo wa Pij ulifungwa, na wanavijiji wakalalamika. Wakati huo televisheni ya taifa ilikuwa imeenea, ina rangi, ina matangazo ya sabuni na hadithi za kila wiki. Hadithi maarufu ya Hum Log, iliyoanza mwaka wa 1984, nayo ilikusudiwa kufundisha watu mambo ya jamaa na uzazi, lakini kadiri siku zilivyokwenda mashauri yakapungua na maneno ya mapenzi yakazidi. Biashara ilikuwa imeingia mlangoni, na elimu ikaombwa isogee kidogo.

SWALI LA MWANAFUNZI WANGU

Kwa nini nawaeleza watu wa pwani habari za Wahindi? Kwa sababu mimi mwenyewe nimekuwa Delhi, ijapokuwa sikutoka Mombasa.

Katika shule niliyosomesha tulikuwa na redio moja. Siku za vipindi vya shule niliiweka juu ya meza, watoto wakakaa kimya, na sauti ikawaambia kwa Kiingereza warudie maneno. Wakarudia kwa nguvu, nami nikafurahi, nikaona kazi yangu imepungua. Siku moja mtoto wa kiume, mwana wa mvuvi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu mtu wa ndani anatusikia?"

Nikamwambia, "La, hatusikii."

"Basi, mwalimu, tunamjibu nani?"

Darasa zima liliangua kicheko, nami nikamkemea. Nataka nikiri leo kwamba nilimkemea kwa kuwa sikuwa na jibu. Tangu siku ile kipindi kikiisha nilikuwa naizima redio, nawauliza watoto wamesikia nini, na nawaacha wanijibu kwa Kimvita chao. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wengi walikuwa wakirudia maneno kama kasuku, bila kujua hata moja. Yule mwana wa mvuvi ndiye aliyekuwa mwalimu wangu.

Nimelikumbuka swali lake tena mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na watoto wa Kenya wakaambiwa wasome kwa redio, televisheni na intaneti. Mjukuu wangu alikuwa na simu ya baba yake. Mtoto wa nyumba ya tatu hakuwa na kitu, akawa anakuja kuchungulia juu ya bega la mwenzake. Jambo likamtatiza, hakuwa na wa kumwuliza. Siku hizo nilitoa mkeka barazani, nikawakalisha wote wawili, na kipindi kikisha tukaanza sisi. Sikufundisha jambo kubwa. Nilikuwa nawauliza na wao wananijibu.

Siku hizi setilaiti ni nyingi angani, na sahani ziko juu ya mapaa ya Mji wa Kale kama uyoga. Hatuna haja ya kungoja Marekani ituazime moja kwa mwaka. Lakini mambo mawili ya India hayajapitwa na wakati. La kwanza, chombo ambacho si chako kitaondoka siku atakayotaka mwenyewe, basi jifunze kukiunda ungali unacho, kama walivyofanya mafundi wa Ahmedabad. La pili, chombo kiwe chako au cha kuazima, hakimsomeshi mtu ambaye hakisikii wala hakisemi lugha yake. Wale wa mbinguni walikuwa na vijiji 2,400 na wakadumu mwaka mmoja. Wale wa barazani pa maziwa walikuwa na mtambo mdogo wa kijijini, na wakadumu karibu miaka kumi.

Mzee wangu wa vitambaa amekwisha kufariki, na duka lake lina wenyewe wengine. Yule mwana wa mvuvi sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Nikikutana naye njiani hunisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," nami humwitikia, "Marahaba, mwanangu." Sijapata kumwambia kwamba swali lake lilikuwa la haki. Nadhani siku tukikutana tena nitamwambia, inshallah.